Springi Nilizozikata

3 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza jana, mimi nimeanza leo. Daftari hili ni la gari. Daktari wa mazoezi ameagiza tuandike kila siku jinsi mke wangu anavyoumwa, na dada yake mkubwa, Shemeji, anayekaa nasi kumuuguza, ameling'ang'ania daftari hilo la maumivu kwa mikono miwili. Alikuwa mwalimu mkuu hadi mwaka juzi, mwandiko wake umenyooka utadhani kila herufi imesimamishwa mstarini. Basi na mimi nikajinunulia langu.

Kazi yenyewe ni gari letu la spoti, la viti viwili, lenye umri wa miaka thelathini na moja. Limelala gereji kwangu tangu Agosti, siku tuliyoteleza nalo kwenye kona tukaingia ukutani. Mimi nilichubuka kiwiko. Mke wangu alivunjika pingili mbili za mgongo, akawekewa vyuma. Bodi nilishainyoosha. Sasa nabadilisha chini kote: springi, shokapu, bushi, kila kinacholibeba juu ya matairi, liwe gari la kutembelea mjini bila kumrusha mtu.

Sababu naiandika mara moja nisirudie. Shemeji anasema mvua ikikatika anamchukua dada yake akakae kwake moja kwa moja, kwa vile kwake hakuna ngazi na kwetu ziko arobaini na sita. Mke wangu hajasema ndiyo wala hapana. Daktari amesema anaweza kukaa ndani ya gari dakika arobaini, mradi asitikiswe. Teksi mbili zimeshamliza. Nikimpandisha kwenye gari letu, gari nililomchumbia nalo kama anavyopenda kusema, akashuka anacheka, habari za kuhama zitakwisha. Nina muda hadi mvua ikatike.

6 Machi

Mvua. Nimetafuta jeki ya pili asubuhi nzima, kumbe nimeikalia.

8 Machi

Nimetoa springi za nyuma na shokapu zake. Shokapu moja imevuja mafuta yote, nyingine ukiibonyeza haina habari na wewe. Springi nimezisukuma chini ya benchi, nyuma ya madebe.

Bwana Nusu amekuja kuchungulia. Ni jirani yangu wa gereji, kazi yake kuyapanga matairi yaelekee sawa, na jina kalipata kwa sababu jibu lake kwa kila kitu ni "ongeza nusu". Aliinama, akatazama chini ya gari kwa muda, akauliza springi za zamani ziko wapi. Nikamwambia nimetupa. Hakuniamini, nilimwona.

12 Machi

Asubuhi mezani, mimi na Shemeji, ambaye na yeye ananiita hivyohivyo.

"Shemeji, leo unashinda gereji tena?"

"Kuna kazi."

"Ya mteja?"

"Ya gari letu."

Akaweka kikombe chini. "Yaani gari lililomvunja mgongo ndilo dawa yake."

"Yalikuwa mafuta barabarani, Shemeji. Mtu kamwaga mafuta kwenye kona. Ningefanyaje?"

"Mimi sijasema kitu," akasema, akarudi kwenye chai yake. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, mke wangu alisikia yote. Huyu mwanamke aliongoza wanafunzi mia nane, sasa amebakiwa na mimi peke yangu, na ananikomesha kwa niaba ya wote.

17 Machi

Nimeagiza vitu. Watu wakisikia unaboresha gari la spoti wanadhani utalishusha mpaka lilambe lami, ulikaze mpaka mwenye kupanda ahesabu kokoto kwa makalio. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, mvi kichwani. Lakini barabara zetu zina matuta, viraka na mifuniko ya mitaro. Tairi linatakiwa lizame shimoni na kupanda tuta huku mwili wa gari umetulia juu yake. Kwa hiyo springi za kimo kile cha kiwandani, laini. Shokapu zenye kitufe cha kurekebisha ugumu. Bushi za mpira. Matairi yenye ukuta mnene. Bwana Nusu alipoona orodha akasema nimeanza kuzeeka vizuri.

20 Machi

Mvua. Maumivu saba kati ya kumi, kwa mujibu wa daftari la Shemeji.

25 Machi

Vitu vimefika. Nimepachika springi za mbele, gari limeinuka, nikaenda kumsimulia mke wangu kitandani kama mtoto aliyepasi mtihani.

"Umelipandisha kiasi gani, Fundi?" Fundi ndilo jina analoniita tangu tujuane.

"Sentimita sita."

"Litakuwa kama gari la mwalimu mkuu."

Tukacheka kwa kujibana, maana mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa jikoni. Kicheko kikamshuka mgongoni. Akashika ukingo wa kitanda, akafumba macho, akawa anapumua meno yamebanwa. Nikasimama pale sijui nimshike wapi. Zamani nilijua.

29 Machi

Maji yameingia gereji. Gari lilikuwa juu ya stendi nne, matairi yote hewani, mikono mipya ya chini, ile inayoshika matairi, nimeshaipachika na bushi zake, bado kukaza bolti tu. Maji yakapita chini ya mlango hadi vifundoni. Simu ikalia. Shemeji. Picha ya mgongo ya kesho imeletwa mbele, ni leo saa nane, nije nimbebe mgonjwa ashuke ngazi. Nikalala majini, nikakaza bolti zote palepale moja baada ya nyingine, nikashusha gari, nikakimbia.

Nilifika nimelowa chapachapa. Shemeji na mlinzi walikuwa wameshamshusha kwa kiti cha jikoni na wamekwenda. Nimekaa ngazini mpaka waliporudi. Mke wangu aliniambia niende nikabadilishe nguo, nitaugua.

2 Aprili

Mvua. Nimemwambia Jumamosi tutazunguka kidogo na gari. Ametazama dirishani, akasema sawa.

5 Aprili, Jumamosi

Ilinyesha alfajiri, ikaacha. Nimembeba mgongoni ngazi arobaini na sita, Shemeji nyuma yetu na mito miwili. Nilimwekea mto kiunoni, nikamfunga mkanda, akashika mpini wa mlango kabla hata sijawasha gari. Hakuwa ameingia humo tangu Agosti. Nikamwambia, "Starehe, bibie, hili si lile tena." Akatabasamu kwa heshima, kama unavyomtabasamia mgeni.

Tangu tunatoka kwenye geti nilijua mambo si mambo. Gari halikuzama. Kila kiraka kilipanda moja kwa moja hadi kwenye usukani. Nikapunguza mwendo mpaka baiskeli ikatupita. Ningegeuza hapo. Badala yake nikajipa moyo, nikasema springi ni mpya, zitalegea mbele ya safari. Kwenye tuta la duka la mikate gari lilipanda na kuanguka kama meza. Mke wangu hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Rudisha," akasema.

"Umejikaza mno. Ukilegeza mwili hutaumia."

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso kubadilika, na njia nzima ya kurudi alijiinua kwa mikono kutoka kwenye kiti asikiguse. Shemeji alikuwa bado amesimama getini. Alimtazama mdogo wake, akanitazama, akafungua mlango, akasema, "Toka, Shemeji, nimshushe." Nikatoka. Mlinzi akamsaidia kumpandisha.

Nimelaumu barabara, nimelaumu waliotengeneza springi, nimemlaumu mgonjwa. Orodha imekwisha, bado usingizi haujanijia.

7 Aprili

Vyuma mgongoni havijasogea, daktari amethibitisha. Misuli imekakamaa, alale chali siku tano. Maumivu tisa. Mwandiko wa Shemeji leo umetoboa karatasi.

8 Aprili

Mvua.

9 Aprili

Nimempeleka Bwana Nusu kwenye gari nikamwambia niambie nimekosea wapi. Alikaa juu ya boneti, akanyanyuka, akakaa tena. Gari halikucheza. Akalala chini na tochi. Akauliza akiwa hukohuko, "Bolti za bushi ulizikazia wapi? Juu au chini?"

Nikajua kosa langu hapohapo. Bushi ni mpira uliobanwa katikati ya vyuma. Ukiukaza wakati tairi linaning'inia, mpira unashikwa hivyohivyo, na gari likikanyaga chini unabaki umesokotwa maisha yake yote, unashindana na springi. Kwa hiyo hukazi kitu mpaka gari limesimama kwa matairi yake, na uzito wa watu umo ndani. Hilo nilifundishwa mwezi wangu wa kwanza wa kazi. Nimewafundisha wengine, tena kwa matusi.

"Maji yalikuwa yanaingia," nikamwambia.

"Nusu ya makosa yote," akasema, "mtu alikuwa ana haraka." Alijifuta mikono. Kisha akavuta madebe, akatoa zile springi za zamani, akaziweka juu ya benchi, na akaenda kwake. Alijua zilipo tangu siku ile.

Haya. Niandike sasa, maana hata daftari nimelidanganya. Hapakuwa na mafuta kwenye ile kona. Springi nilizikata mwenyewe kwa msumeno wa umeme, raundi moja na nusu kila moja, mwaka mmoja kabla ya ajali, kwa sababu nilitaka gari likae chini lipendeze. Mpira wa kuzuia shokapu isigonge bodi niliutoa kwa kukosa nafasi. Siku ile lami ilikuwa mbichi kwa mvua, tukakuta bonde dogo katikati ya kona, shokapu ikafika mwisho, chuma kikagonga chuma, gari likaruka pembeni. Alama ya kugonga iko kwenye bodi, pana kama kidole gumba. Niliiona tarehe nane Machi. Niliiona mwezi wa Desemba pia, nikaipaka rangi.

12 Aprili

Bushi mpya nne, zile zimepinda. Nimeshusha gari chini, sasa natakiwa kuweka uzito wa watu kabla ya kukaza. Nimejaza mchanga kwenye mifuko: kilo themanini na moja kiti changu, sitini na nane kiti chake. Nilikuwa nashika spana nikajiuliza hiyo sitini na nane nimeitoa wapi. Ni ya kabla ya ajali, alipojipima duka la dawa akanikataza nisimwambie mtu.

Nikapanda nyumbani. Shemeji alikuwa anakunja mashuka.

"Shemeji, samahani. Ana kilo ngapi sasa?"

Alikunja shuka lote kwanza. "Arobaini na saba."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Arobaini na saba, Shemeji. Mwezi wa kwanza zilikuwa hamsini na mbili. Imo daftarini, ukurasa wa mbele. Hukuwahi kuufungua?" Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua la kumjibu. "Wewe ulikuwa unampikia gari," akaongeza, "mimi nikampikia uji, na yeye akawa hali kwa sababu hajui amwambie nini yeyote kati yetu."

Siku zote nimemwona huyu mama amekuja kunichukulia mke. Ameacha nyumba yake tangu Septemba, analala sebuleni kwenye kochi la watu wawili.

Nimerudi gereji, nimepunguza kilo ishirini na moja za mchanga kwenye kiti chake. Nimezipunguza kwa kikombe, sikutaka kumwaga. Mfuko uliobaki nimeweza kuubeba kwa mkono mmoja. Roho imeniuma.

13 Aprili

Nimekaza bolti zote, chini, kwa utulivu. Bwana Nusu amenyoosha matairi. Nimesahau kumshukuru.

16 Aprili

Nimemwambia.

Nilichagua saa nne asubuhi, Shemeji akiwa sokoni. Nilipeleka springi moja ndani ya mfuko, kwa kuwa niliogopa mdomo utanisaliti. Nikaiweka kitandani karibu na mkono wake. Nikasema niliikata mimi, na kwamba hapakuwa na mafuta.

Akapitisha kidole pale ilipokatwa, ukingo bado una makali.

"Najua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Fundi, nilikuwa nimekaa ndani yake. Nilisikia chuma kikigonga chini ya kiti changu. Nimekaa na fundi miaka ishirini na tatu, nisijue mlio wa chuma?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Hospitali nikasema atasema nikitoka. Nikatoka. Nikasema atasema nikianza kukaa. Kila mgeni akija nakusikia hapo sebuleni: mafuta, mafuta. Kuna siku mpaka mimi nikaanza kuyaona hayo mafuta." Akafumba macho kidogo. "Mgongo unauma, lakini mgongo nimeuzoea. Kilichonichosha ni kulala pembeni ya mtu namsubiri."

Nikasema nisamehe. Akasema ameshanisamehe, zamani, na nisimuulize mara mbili. Nikadhani yamekwisha. Nikafurahi, Mungu anisamehe, karibu dakika nzima.

"Mvua ikikatika nakwenda kwa dada," akasema. "Nimeamua leo. Na nataka unipeleke wewe. Gari hilo lifanye lisinitikise."

22 Aprili

Mvua kubwa. Nimefurahi kwamba ni kubwa.

28 Aprili

Nyumba yake Shemeji iko dakika thelathini na tano kutoka kwetu. Kila asubuhi napita njia hiyo na mifuko ya mchanga, na bakuli la maji sakafuni upande wa abiria. Siku ya kwanza nusu ya maji yalimwagika. Leo yamemwagika kiasi cha kulowesha kitambaa.

Kitufe cha shokapu kina mibofyo kumi na miwili. Nimekiweka wa tatu, upande wa ulaini. Leo nikiwa nimechuchumaa pale nikafikiri: mibofyo minne tu mbele, asiweze kuvuka hata daraja la pili njiani. Atasema rudisha. Nitarudisha, tutapanda ngazi, na hakuna atakayejua, hata Bwana Nusu. Nikakizungusha. Moja, mbili, tatu, nne. Nikakaa chini na gari langu gumu, nikasikiliza mvua juu ya bati.

Nimekirudisha. Naandika ili ijulikane kwamba nilikizungusha.

1 Mei

Manyunyu. Shemeji amefua mapazia yetu yote. Nimemwambia asijichoshe, akasema hawezi kuacha nyumba ya mtu na mapazia machafu. Tumeyatundika pamoja, yeye anashika ngazi mimi juu. Ni mara ya kwanza tumefanya kazi pamoja bila kubishana.

4 Mei

Bakuli halikumwagika.

6 Mei

Jua, siku ya pili mfululizo. Mke wangu ameuliza kama Jumamosi itanifaa. Nikasema Jumamosi sina kazi.

10 Mei, Jumamosi

Jua tangu asubuhi. Shemeji alitangulia na teksi na mizigo. Masanduku matatu na cherehani. Nilikuwa najiambia anakwenda kupumzika, lakini mtu anayekwenda kupumzika habebi cherehani.

Nimembeba. Kilo arobaini na saba nazijua sasa. Ngazini alihesabu kwa sauti ya chini mpaka arobaini na sita, kisha akamuaga mlinzi kwa jina lake, jina ambalo mimi sikuwahi kulijua.

Alishika mpini wa mlango kama mara ile. Tuta la duka la mikate nikaliona linakuja, nikabana meno. Gari likazama, likapanda, likatulia. Akanitazama. Baada ya soko akaachia mpini. Daraja la pili tulilivuka mkono wake ukiwa mapajani, kiganja wazi. Nilitaka kuongea, nilikuwa nimeandaa maneno wiki nzima, nikageuka nikamkuta amelala. Kichwa kimeegemea mkanda, mdomo wazi kidogo. Tangu Agosti hajalala mchana bila dawa. Ningeweza kusema nilikosea njia, nikazunguka mji mzima naye amelala hivyohivyo. Niliendesha kwa njia niliyoizoea, dakika thelathini na nane, kwa sababu nilikwenda polepole.

Shemeji alikuwa mlangoni. Nikazima gari. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri, na yeye akasubiri, akakaa kibarazani na mkoba wake magotini. Tukamwacha alale. Alipoamka alitazama ile nyumba, akanitazama mimi.

"Leo hujaniumiza," akasema.

Nikamwingiza ndani. Chumba chake kiko upande wa bustani, kitanda kimoja, dirisha la chini. Nikaweka cherehani karibu na mwanga. Nikapanga mito kama daktari alivyoagiza, na ilipokwisha hakukuwa na kitu kingine cha kupanga. Nikamuuliza kama nije Jumamosi nimtembeze.

"Njoo," akasema. "Ila piga simu kwanza."

Nikasema sawa, nitapiga. Shemeji alinisindikiza hadi kwenye gari, akanipa namba ya simu ya nyumbani kwake kwenye kipande cha karatasi, kwa ule mwandiko wake ulionyooka. Miaka ishirini na tatu nimeingia chumbani kwa mke wangu bila kubisha hodi.